Nyumba Isiyopitisha Sauti

Mama alianguka usiku, mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Alikuwa anatoka chooni kurudi chumbani, umeme umekatika, akakanyaga maji yaliyomwagika koridoni na nyonga ikagonga sakafu. Akapiga kelele. Akamwita kijana mpangaji, akamwita jirani wa kulia, akamwita jirani wa kushoto, akamwita hadi baba yangu ambaye tulimzika miaka tisa iliyopita. Hakuna aliyesikia. Hawakusikia kwa sababu mimi, mwanaye, nilijenga nyumba ile kwa makusudi kabisa, ili mtu asisikie.

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na habari za kelele nimeziandika sana. Baa inayopiga muziki mpaka saa tisa usiku, spika za nyumba za ibada, mashine za kuchomelea katikati ya makazi. Nazijua kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, na nimeshakaa kwenye mabenchi ya ofisi nyingi nikisubiri mtu wa kunijibu kwa nini hazifuatwi. Lakini sijawahi kuandika habari ya mtu aliyeumizwa na ukimya. Hii ndiyo ya kwanza, na imetokea nyumbani kwetu, Ndandalo, Kyela.

Nianzie tulikotoka. Nimekulia kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma na wala hazikuwa mbovu. Shida ni kwamba zote ziliishia kwenye lenta. Juu yake hapakuwa na silingi, ni kenchi na bati tu. Kwa hiyo chini tulikuwa vyumba sita, lakini juu tulikuwa chumba kimoja. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakwambia pole. Tulijua nani anadaiwa kodi, redio ya nani imeanza kuishiwa betri, mtoto wa nani amekojoa kitandani.

Na tulijua kwamba baba wa chumba kilichopakana na chetu anampiga mke wake.

Tulikuwa tunasikia kuanzia mwanzo. Kwanza sauti ya chini ya mwanamume, halafu ya juu, halafu kiti. Kilichokuwa kinanitisha kuliko hata kile kipigo ni namna nyumba nzima ilivyokuwa inanyamaza. Redio zinazimwa moja moja. Waliokuwa wanacheka wanaacha. Vyumba vitano vinakaa kimya kusikiliza cha sita. Mtu pekee aliyefanya kitu alikuwa mama. Alikuwa anachukua mchi wa kutwangia karanga na kugonga ukuta wa katikati, mara tatu. Tu, tu, tu. Hasemi neno. Kuna siku yule baba aliacha. Kuna siku alitukana akaendelea. Na hakuna aliyewahi kwenda kugonga mlango wake, hata mama.

Asubuhi tunakutana bombani na watu wanasalimiana, "Mugonile." Ndiyo salamu yetu Wanyakyusa, na ukiitazama kwa neno moja moja inauliza kama mmelala. Yule mama naye anajibu kama wengine wote.

Nilipofika chuo kikuu nilikutana na kitabu cha Monica Wilson, *Good Company*, kilichotoka mwaka 1951. Yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti huku kwetu katikati ya miaka ya 1930. Anaeleza vijiji vya marika, ambapo wavulana wa umri mmoja walijijengea vibanda vyao pembeni na kukua pamoja mpaka wanakuwa kijiji kamili, na jinsi ujirani mwema ulivyothaminiwa. Anaeleza pia imani ya pumzi ya watu. Mtu akikosea, kwa mfano akiwadharau wazazi wake, majirani hunung'unika, na manung'uniko yale yanaweza kumletea ubaridi mwilini na maradhi. Niliposoma pale nikaikumbuka korido yetu. Manung'uniko yalikuwepo, tena mengi, pale bombani, kwa sauti ya chini. Sikuona kama yalimletea yule baba hata mafua.

Basi nikajiapiza. Nikipata pesa nitamjengea mama nyumba ambayo hatasikia ya mtu, wala mtu hatasikia yake. Nilikuwa naamini kwamba kusikiana ni umaskini. Naona hata wasomaji wengi mliokulia kwenye nyumba za kupanga mnaelewa ninachosema.

Pesa ikaja, kidogo kidogo, na mwaka 2021 nyumba ikaisha. Fundi nilimpa masharti. Ukuta uwe wa upana wa tofali zima, si nusu tofali. Plasta pande zote. Silingi ya jipsamu nyumba nzima. Madirisha ya alumini yenye mpira, yakifungwa yafunge. Nyuma nikaongeza chumba kimoja cha mpangaji chenye mlango wake wa nje, ili mama asiwe peke yake. Na ukuta kati ya mama na huyo mpangaji nikasema upande mpaka ukutane na bati, usiachwe hata nafasi ya kupitisha kiganja.

Fundi akaniangalia. "Dada, unajenga nyumba au benki?"

Akanionya pia kuhusu joto. Kyela si Tukuyu, alisema, huku chini ukifunga madirisha unaiva. Nikanunua feni. Sikuona kichekesho cha kumwekea mama mtu wa karibu, halafu nikatumia mifuko ya saruji kuhakikisha hawasikiani.

Usiku wa kwanza nililala pale. Kimya. Nikajisifu moyoni. Asubuhi nikamuuliza mama ameionaje.

"Nzuri mno, mwanangu. Ila jogoo wa jirani anawika kama yuko Malawi."

Nikacheka. Nilidhani ananisifia.

Sasa turudi kwenye ule usiku. Simu yake ilikuwa chumbani, juu ya stuli. Hakuweza kusimama. Alipochoka kupiga kelele alijivuta kwa viwiko mpaka mlangoni kwa stoo, ambapo ule mchi wake, mchi uleule, huwa umeegeshwa kwenye kona. Akauangusha, akaushika, akaanza kugonga sakafu. Tu, tu, tu. Anapumzika. Tu, tu, tu.

Kijana mpangaji ni dereva wa bodaboda. Alikuwa bado hajanunua kitanda, analala kwenye godoro chini. Aliniambia baadaye kwamba kelele za mama hakuzisikia kabisa, hata moja. Alichosikia ni mgongo wa nyumba unagongwa. Mawazo yake ya kwanza yakawa wezi, wanatoboa ukuta. Akaweka sikio kwenye sakafu.

"Dada, mwizi hahesabu," aliniambia. "Hii ilikuwa tatu, inanyamaza, tatu, inanyamaza."

Wakavunja dirisha la jikoni, yeye na majirani aliowaamsha. Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri simu yangu ikaita Dar es Salaam. Mama alikuwa amekaa chini kwa zaidi ya saa tatu. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Kama mnavyotujua waandishi, tukishindwa kulia tunatafuta chanzo cha habari. Mama akiwa bado wodini, nilimpigia rafiki yangu niliyesoma naye, yeye mhandisi wa majengo, nikamuuliza swali moja: inakuwaje nyumba inazuia kelele za mtu mzima anayeomba msaada, halafu inapitisha mchi?

Akanieleza hivi. Ukipiga kelele, unatikisa hewa. Hewa inafika ukutani, na ili sauti itokee upande wa pili lazima ule ukuta nao utikisike. Ukuta mzito hautikisiki kirahisi. Wa upana wa tofali zima wenye plasta pande zote hupunguza sauti kwa takriban desibeli 50. Mtu anayeongea kawaida, ukiwa mita moja kutoka kwake, ni kama desibeli 60. Kinachovuka ni kidogo kuliko mvumo wa feni. Anayepiga kelele kwa nguvu anaweza kufika 80 au 90, kwa hiyo upande wa pili inabaki kitu cha 30 au 40, na ukiwa na mvua ya Kyela juu ya bati, hiyo imekwisha.

"Lakini usijisifie unene," akasema. Kumbe ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unachopata ni nyongeza ya desibeli tano au sita tu, na sikio linahitaji kama kumi ndipo lione kwamba sauti imepungua nusu. Kilichoifanya nyumba yangu kuwa kaburi ni kuziba nafasi. Uwazi wa asilimia moja tu ya eneo la ukuta unatosha kuushusha ukuta wa desibeli 50 mpaka 20. Nikawaza ile nyumba yetu ya vyumba sita, iliyokuwa wazi juu yote. Kuta zile zilikuwa pazia.

Na mchi? Mchi hauombi ruhusa ya hewa. Unatikisa jengo lenyewe. Sakafu ya zege ni ngumu na imeshikana, mtetemo ukiingia ndani yake unasafiri kwa kasi inayozidi mita 3,000 kwa sekunde, wakati hewani sauti inakwenda kama mita 340, na njiani haupotezi nguvu nyingi. Fundi wangu alimwaga jamvi lote siku moja, la mama na la mpangaji, ndipo kuta zikasimama juu yake. Ule ukuta niliouamuru upande mpaka bati haukulikata jamvi. Ulilikalia tu. Chini yake mama na yule kijana walikuwa bado kwenye sakafu moja, mmoja amelala kwenye ncha hii na mwingine kwenye ncha ile.

Aibu yangu ni kwamba jambo hili nilishakutana nalo. Miaka michache nyuma nilikwenda Unguja kikazi nikalala kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta nusu mita na zaidi. Wa chumba cha pembeni sikumsikia usiku kucha. Wa juu yangu nilimsikia kila hatua, maana sakafu za kule zinabebwa na boriti za mikoko. Nilijua kavua kiatu cha kushoto, nikakaa macho kusubiri cha kulia. Asubuhi nikalalamika mapokezi. Ningetumia akili badala ya kulalamika, ningejua mapema kwamba ukuta na sakafu ni vitu viwili tofauti, na kwamba mnene hana maana kwa anayepitia chini.

Mama alifanyiwa upasuaji, akapona polepole. Nilichukua likizo nikakaa naye Ndandalo wiki nne. Nilikuwa na mapendekezo kibao. Ahamie Dar. Tutafute binti wa kumsaidia. Simu avae shingoni. Shingoni akakubali. Dar akakataa kabla sijamaliza sentensi. Halafu akatoa pendekezo lake.

"Toboa huo ukuta. Weka yale matofali ya matundu, pale juu. Nimsikie mtoto wa watu anaingia, na yeye anisikie."

"Mama, atasikia mambo yako yote."

"Mambo gani? Nina miaka sabini. Mambo yangu ni kukohoa."

Hapo nikakasirika, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa naiona pesa yangu inatobolewa matundu. Nikamwambia kule tulikotoka tulikuwa tunasikiana mpaka pumzi, na ilimsaidia nini yule mama wa chumba cha pili? Watu wazima vyumba vitano walisikia. Wakafanya nini?

Mama alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Nilikuja kukutana naye," akasema. "Wewe ulikuwa chuo. Tulikutana stendi, anasafiri kwenda kwa mwanaye. Nikamsalimia. Tukaongea habari za watoto. Basi linakaribia kuondoka akanishika mkono, akaniambia, 'Lakini ulikuwa unachelewa.'"

"Unachelewa nini?"

"Kugonga." Akapepeta. "Na kweli nilikuwa nachelewa. Nilikuwa nasubiri kwanza nione kama kuna mwingine ataanza."

Sikujibu. Miaka yote ile mimi nilikuwa namhesabu mama kama shujaa wa ile nyumba. Yeye alikuwa anajihesabia dakika.

Jioni yake nilikwenda kuongea na kijana kuhusu matundu. Nilimkuta anafuta pikipiki. Nikamweleza, nikidhani atafurahi. Akajikuna kichwa.

"Dada, kwa heshima zote. Na mimi nina mambo yangu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Ana haki. Ana miaka ishirini na nne, anajilipia kodi yake, na chumba chake ni mahali pekee Kyela ambapo hakuna abiria anayemfokea. Mimi nilijenga nyumba nzima nikitafuta hichohicho anachokitaka yeye.

Halafu, huku anakamua kitambaa, akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia kwenye simu. Ule usiku hakuamka pale pale. Alilala akisikiliza muda, labda nusu saa. Aliogopa kutoka nje peke yake. Alikuwa anachungulia dirishani aone kama nyumba za jirani zitawasha hata tochi, maana kama kuna kitu, si na wao watakuwa wamesikia?

"Ikawaje ukatoka?"

"Nikakumbuka nyumba hii haisikiki nje. Wakati naingia wewe mwenyewe uliniambia, nikajaribu kuweka muziki, jamaa yangu akasimama barabarani, hakusikia kitu. Nikajua basi, kama siyo mimi hakuna mwingine."

Nimelifikiria hilo jibu mara nyingi na bado silijui niliweke wapi. Kwenye nyumba iliyovuja sauti tulisikia wote, tukasubiriana. Kwenye nyumba niliyoiziba alisikia mmoja, na alipojua ni yeye peke yake, akaenda. Kuna rafiki aliyeniambia hiyo inathibitisha kwamba ukuta wangu ulikuwa sahihi. Hapana. Kama angekuwa ameshanunua kitanda, au kama angekuwa amelala kwa mwenzake usiku ule, ningekuwa naandika tanzia. Zile saa tatu mama alizokaa kwenye maji siwezi kuziita mafanikio ya ujenzi. Lakini pia siwezi tena kusema, kama nilivyokuwa nataka kusema nilipoanza kuandika, kwamba zamani tulisikiana na kwa hiyo tulijaliana.

Matundu hatukutoboa. Tulikubaliana kitu kingine, wazo ni la kijana mwenyewe. Kila usiku kabla ya kulala mama anagonga sakafu mara mbili kwa mkongojo, na yeye akiwa ndani anajibu mara mbili kwa kisigino. Akisafiri au akilala kwingine anamwambia mama mchana, na siku hiyo mtoto wa jirani anakuja kulala. Kitanda ameruhusiwa kununua. Mama alimwambia tu kiwe cha miguu mifupi.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nililala chini, kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mama. Saa nne usiku akachukua mkongojo, akagonga. Nilikuwa nimelaza sikio kwenye kigae na nikaisikia ikiondoka, kavu na ya karibu kabisa. Tukasubiri. Nje mvua ilikuwa inaanza. Pikipiki niliiona imeegeshwa, kwa hiyo nilijua yupo. Hakujibu. Nikataka kusema labda kavaa spika za masikioni, labda kapitiwa na usingizi, lakini mama alikuwa ameshakaa kitako, miguu chini, mkongojo mkononi, anatazama ukuta.

"Anachelewa," akasema, na akaanza kutafuta kandambili zake.

Alikuwa ameshavaa moja ndipo sakafu ikagonga. Tu, tu.